Tangi limejaa, kontrola inasema nusu: kisa cha rizista ya omu 150

Kisa hiki ni cha kweli. Majina nimeyatoa, mahali nimepatoa, na namba chache nimezisogeza kidogo ili hesabu isomeke kirahisi, ila mpangilio wa mambo ni ule ule. Mimi niliingia katikati, nikiwa mtu wa tatu kuitwa, na nikiri mapema kwamba ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa hovyo.

## Usuli

Kulikuwa na tangi la maji ambalo likijaa maji yanafika kimo cha mita 4.75. Pampu inalijaza, na pampu ina umeme wake mkubwa kupitia kontakta, swichi kubwa inayovutwa kwa umeme. Ila kontrola yenyewe, kile kiboksi chenye ESP32 ndani (mikrokontrola, kompyuta ndogo ya chipu moja), ilikuwa inakula betri ya risasi ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola, kwa sababu mwenye tangi alitaka aone kiwango cha maji hata umeme mkubwa ukikatika. Wazo zuri tu, sina ugomvi nalo.

Sensa ilikuwa ya kuzamisha, inakaa chini kabisa ya tangi inapima presha ya maji yaliyo juu yake. Ya mita 0 mpaka 5, inatoa miliampea 4 mpaka 20, waya mbili. Hapa kwenye waya mbili nisimame kidogo maana kisa chote kimejificha hapa. Sensa ya namna hii haina waya wa kuiletea umeme na mwingine wa kutoa taarifa, ni waya hizo hizo mbili zinafanya kazi zote. Sensa inajilisha kutoka kwenye lupu, yaani mzunguko wa waya hizo mbili, ile ile inayoitumia kusema, inabana au inaachia mkondo kulingana na presha, na ule mkondo ndo ujumbe wenyewe. Tangi tupu ni mA 4, mita 5 ni mA 20, na katikati ni mstari ulionyooka. Asilimia unaipata kwa kutoa 4, unagawa kwa 16, unazidisha kwa 100.

Sifa ya mkondo ni kwamba haupotei njiani. Ukituma volti kwenye waya mrefu, waya unakula kidogo na upande wa pili unasoma pungufu, lakini mkondo unaoingia upande huu ndo unaotokea upande ule, waya uwe mita 5 au mita 500. Ndo maana viwandani wameng'ang'ania huu mtindo miaka na miaka.

Tatizo ni kwamba pini ya analogi ya mikrokontrola haisomi mkondo, inasoma volti. Kwa hiyo lazima ugeuze, na njia rahisi kuliko zote ni rizista moja: unaipitisha ile lupu ndani ya rizista alafu unapima volti kwenye ncha zake. Mkondo mara ukinzani, umemaliza. Viwandani rizista ya kawaida ni omu 250, mA 4 inakupa volti 1 na mA 20 inakupa volti 5, namba nzuri zinazokaa kichwani. Ila ESP32 haitaki kitu kinachozidi volti 3.3 kwenye pini, kwa hiyo fundi wa kwanza akapiga hesabu ya kawaida: 3.3 gawa kwa 0.02 ni omu 165, rizista ya kawaida iliyo chini ya hapo ni 150, mA 20 itatoa volti 3.0, safi. Joto? Dogo tu, wati 0.06, robo wati inatosha na kubaki. Waya wa kwenda kwenye sensa ulikuwa mita 100 wa milimita mraba 0.34, kwenda na kurudi mita 200, ukinzani wake kama omu 10.

Programu ilikuwa fupi. Kiwango kikishuka chini ya asilimia 60 washa pampu, kikifika 95 zima. Mkondo ukiwa chini ya mA 4, hesabu ni asilimia 0.

Wakafunga, wakajaribu saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, tangi likiwa na asilimia 30 hivi. Wakashusha kamba yenye uzito kupima maji kwa mkono, ikakubaliana na kontrola. Wakakusanya vifaa wakaondoka.

## Kilichotokea

Siku za mwanzo hakuna aliyelalamika. Alafu alfajiri moja mwenye tangi anaamka anakuta maji yanamwagika juu ya tangi kama mvua na pampu inaunguruma. Anaangalia kontrola: asilimia 56. Akazima pampu kwa mkono. Kufika saa tatu asubuhi, bila mtu kugusa chochote, kontrola inasema 95.

Kama ingekuwa hivyo kila usiku huenda wangegundua mapema, ila haikuwa hivyo. Usiku mwingine tangi lilikaa sawa kabisa, wiki nzima wakati mwingine, alafu likafurika siku mbili mfululizo. Ukiniuliza mimi, hitilafu ya kuja na kuondoka ndo mbaya kuliko zote, maana kila unachobadilisha kinaonekana kimefanya kazi mpaka usiku unaofuata wa kufurika.

Fundi wa kwanza akaanza na programu. Akaona labda namba inarukaruka, akaifanya kontrola isome mara 50 na kuchukua wastani. Grafu ikawa laini kama imepigwa pasi. Tangi likafurika tena, safari hii na grafu nzuri.

Kisha akashuku rizista. Aliweka ile ya kawaida ya asilimia 5, akasema usiku baridi inaibadilisha. Akatafuta ya asilimia 0.1, akaiweka. Hapa wangepiga hesabu kidogo tu wangejiokoa: hata rizista inayobadilika sehemu 100 kwa milioni kwa kila digrii, ukiipoza digrii 30 itabadilika sehemu 3,000 kwa milioni, yaani asilimia 0.3. Wao walikuwa wanatafuta asilimia 40 iliyopotea. Baridi haiwezi kuiba kiasi hicho.

Mtu wa pili aliyeitwa akasema sensa ni mbovu, ikabadilishwa, tangi likatolewa maji na siku nzima ikaisha. Sensa mpya ikafanya vile vile.

Nikapigiwa mimi. Nikaelezwa kwa simu: mchana sawa, usiku inashuka, asubuhi inarudi. Kichwani mwangu ikaja moja kwa moja ile mirija myembamba ya hewa iliyomo ndani ya kebo za sensa hizi. Sensa inalinganisha presha ya maji na presha ya hewa ya nje kupitia mrija huo, na umande ukiingia ukaziba namba zinaharibika. Usiku, umande, nikajiona nimemaliza kesi bila kutoka kwenye kiti. Nikawaambia wakaushe mwisho wa kebo na waweke kile kimfuko cha kunyonya unyevu. Wakafanya. Usiku wa tatu, mafuriko.

Kuna kitu kingine kilikuwa kinatudanganya wote. Grafu za jioni zilionyesha maji yanashuka polepole kuanzia jua linapozama, kutoka 95 kwenda 80, kwenda 73. Kila aliyeiangalia alisema ni watu wanatumia maji jioni, wanaoga, wanapika, na ilionekana sawa kabisa. Hakuna aliyekwenda kuchungulia ndani ya tangi saa mbili usiku, na mimi nikiwa mmoja wao.

## Usiku wa mita

Nikaamua kwenda mwenyewe na kwenda usiku. Saa nane hivi mwenye tangi alipanda ngazi na tochi akafunua mfuniko. "Fundi, maji yako mdomoni kabisa, na hii kitu yako inasema 57." Nikazima swichi kubwa ya pampu kwanza ili tusiogeshwe.

Nikafungua lupu kwenye terminali nikaingiza mita ya kupimia umeme mfululizo, kwenye kipimo cha miliampea, nione mkondo wenyewe bila kupitia rizista wala programu. Mita ikasema 12.3 au 12.4 hivi. Nikamuuliza fundi wa kwanza kontrola inasomaje, akasema 52. Dakika moja iliyopita ilikuwa 57. "Kaka mita yako inaharibu, itoe." Nikaitoa, 57. Nikairudisha, 52.

Hapo nikanyamaza kidogo, maana nilijua sasa tumeshika kitu. Mita ikiwa kwenye miliampea yenyewe ni rizista, ina ukinzani wake wa ndani, hii yangu ilikuwa na omu 10 hivi kwenye kipimo kile. Na lupu ya 4–20 iliyo na afya haijali ukiiongezea omu 10. Sensa ikiona ukinzani umeongezeka inafungua zaidi kidogo na mkondo unabaki pale pale, hiyo ndo kazi yake. Kama namba imeshuka kwa sababu nimeongeza omu 10, maana yake sensa imeshafungua mpaka mwisho. Haiendeshi tena mkondo. Mkondo unaamuliwa na betri na rizista tu, sensa ni abiria.

Nikachukua waya mfupi nikaunganisha ncha mbili za ile rizista ya omu 150, yaani nikaitoa kwenye hesabu huku mita ikiwa bado ndani. Mita ikaruka: 19.2. Kontrola ikasema 0 na rilei, swichi ndogo ya kontrola, ikalia tak kuwasha pampu, bahati tulishazima swichi kubwa. Ila mA 19.2 ndo asilimia 95 kamili, ndo mita 4.75, ndo maji aliyoyaona mwenye tangi na tochi yake. Sensa ilikuwa inajua ukweli muda wote, ilikosa nguvu ya kuusema.

Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa na kupima volti. Betri 12.1. Kwenye ncha za rizista 1.97. Kwenye waya za sensa pale terminali zikabaki 10.1 na ushee, ukitoa kidogo kilicholiwa na kebo sensa yenyewe ilikuwa na volti 10 tu. Datashiti, karatasi ya maelezo ya sensa ambayo kila mtu alikuwa nayo kwenye simu, ilisema sensa inahitaji volti 10 mpaka 30.

## Hesabu yenyewe

Lupu ni bajeti ya volti. Betri inaleta, sensa inachukua zake 10 kwanza, kinachobaki ndo kinagawanywa kati ya kebo na rizista. Hizo volti tunazosoma kwenye pini hazikutoka hewani, zimetolewa kwenye bajeti hiyo hiyo. Ukinzani wa nje hapa ni 150 na 10 ya kebo, jumla 160. Kwa hiyo mkondo wa juu kabisa unaowezekana, tuuite dari, ni volti za betri kutoa 10, gawa kwa 160. Angalia betri inavyoshuka na dari inavyoshuka nayo:

- Betri 13.6, sola inachaji: dari ni mA 22.5, hakuna shida yoyote
- Betri 12.7, jua limezama: mA 16.9, yaani kontrola haiwezi kuonyesha zaidi ya 80
- Betri 12.5: mA 15.6, mwisho 73
- Betri 12.1, usiku wa manane: mA 13.1, mwisho 57

Sasa ona jinsi kila kitu kinavyojielezea. Ile "watu wanatumia maji jioni" ilikuwa betri inashuka. Betri ikipita chini ya volti 12.2 hivi, dari inapita chini ya asilimia 60, programu inawasha pampu, na haiwezi kuizima kamwe kwa sababu 95 iko juu ya dari. Mpaka jua litoke.

Na kwa nini si kila usiku? Kwa sababu dari inakuumiza pale tu maji halisi yanapokuwa juu yake. Tangi likiwa na asilimia 50 kweli kweli mkondo ni mA 12, mA 12 mara 160 ni volti 1.92, betri ya 12.1 inaziweza. Kontrola inasoma 50, iko sahihi, pampu inawaka kihalali, na kwa kuwa nusu ya tangi ni tupu, inazimika asubuhi au mtu anaizima kabla halijafurika. Usiku wa mafuriko ulikuwa ule ambao tangi lilijaa jioni. Na jaribio la siku ya kufunga lilifanyika asubuhi, betri inachajiwa, tangi 30: mA 8.8 tu, inahitaji volti 1.4 juu ya zile 10. Ingekuwa ajabu lisingefaulu.

Niseme pia si sensa zote zinakufa kistaarabu hivi. Nyingine zikishushwa chini ya volti zake zinazimika kabisa, au zinatoa takataka. Hii ilishikilia 10 zake ikaacha mkondo ukashuka taratibu, na huo utaratibu ndo ulioifanya ifanane na maji yanayopungua.

## Maamuzi na kwa nini

Tulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza, kupunguza rizista. Omu 50 badala ya 150, mA 20 inakula volti 1 tu kwenye rizista na 0.2 kwenye kebo, sensa inaridhika mpaka betri ishuke 11.2. Shida ni upande wa kusoma: mA 4 inakuwa volti 0.2 na upana wote wa kipimo ni volti 0.8, na ADC ya ndani ya ESP32, ile sehemu inayogeuza volti kuwa namba, si ya kujivunia, hasa chini kabisa na juu kabisa. Ukiwa na ADC ya nje kama ADS1115 ukaiweka kwenye kipimo cha volti 1.024, kila hatua ni mikrovolti 31.25, omu 50 inakutosha na zaidi. Hatukuwa nayo.

Ya pili, kupandisha volti za lupu. Busta ndogo inachukua 12 inafanya 24, bajeti inakuwa 14 baada ya sensa kuchukua zake, dari inaenda mbali ambako hatufiki.

Ya tatu ilipendekezwa na mtu wa pili: kutumia opampu, chipu ya kukuza volti, ambayo inageuza mkondo kuwa volti bila kula chochote kwenye lupu, ule mpangilio ambao mkondo unaingia kwenye mguu wa hasi na rizista iko kwenye njia ya kurudi. Ni mpangilio mtamu na kwenye fotodayodi, kihisi cha mwanga, ambako mkondo ni nanoampea ndo mahali pake. Ila hapa opampu yenyewe ingelazimika kumeza mA 20 mfululizo na kuhitaji volti za hasi kwa sababu inatoa kinyume, yote hayo kuokoa volti 3. Nikasema hapana.

Tukachukua ya pili, na kusema ukweli sababu kubwa ni kwamba busta ilikuwepo kwenye mkoba na usiku ulikuwa umekwenda. Lakini asubuhi yake nikashusha rizista pia, kutoka 150 kwenda 100. ADC ya ESP32 kwenye kipimo chake kikubwa inasoma vizuri kama milivolti 150 mpaka 2,450, juu ya hapo inaanza kupinda. Kwa omu 150, milivolti 2,450 ni mA 16.3, yaani juu ya asilimia 77 walikuwa wanasoma kwenye sehemu iliyopinda, na fundi wa kwanza alikuwa amejaza programu kijedwali cha kusahihisha bila kujua kwa nini kinahitajika. Kwa omu 100 kila kitu kinakaa kati ya volti 0.4 na 2.0, na kijedwali tukakifuta.

Busta ilileta uchafu wake. Namba ilianza kutetemeka asilimia moja mbili kwa sababu ya ile kuwasha na kuzima ya ndani. Tukaweka rizista ya kilo-omu 10 kati ya lupu na pini, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka pini kwenda graundi, upande wa hasi, inakata kila kitu cha haraka kuliko hertzi 1.6 hivi. Maji ya tangi hayaendi kwa kasi hiyo. Ile kilo-omu 10 ina kazi ya pili ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza: kebo ikikatika ngozi na waya mbili zikagusana, volti 24 zote zinakuja kwenye rizista ya kupimia, na bila kizuizi pini ingekufa papo hapo. Kwa kilo-omu 10 na dayodi inayomwaga ziada kwenda kwenye laini ya volti 3.3, kinachoingia ni kama mA 2. Ila rizista ya omu 100 yenyewe ikipewa 24 ni wati karibu 6, itafuka moshi, kwa hiyo tukaongeza fyuzi ya kujirudisha ya mA 50 mwanzoni mwa lupu. Fyuzi hizo ndogo zina ukinzani wao pia, kuanzia omu chache mpaka makumi ya omu. Kwenye lupu ya zamani ingetumaliza, kwenye hii haina neno.

Programu ikabadilika sehemu tatu. Mkondo wa 3.6 kushuka chini au 21 kwenda juu ni hitilafu, pampu inazimwa na taa nyekundu inawaka, ule mpaka unaojulikana wa NAMUR NE 43, pendekezo la viwandani kuhusu ishara za hitilafu. Volti za betri zinapimwa na kuandikwa kwenye grafu ile ile. Na pampu ikiwaka dakika 30 bila kiwango kupanda hata kidogo, inazimwa. Juu ya tangi ikawekwa floti, swichi inayoelea, inayokata kontakta moja kwa moja, haiulizi programu.

## Matokeo

Usiku wa kwanza betri ilishuka mpaka 11.9, tangi limejaa, mkondo ukabaki 19.2 mpaka asubuhi. Ule mteremko wa jioni ukaisha. Kulikuwa na kateremko kadogo kalikobaki, na hako kalikuwa maji kweli.

Gharama ipo. Lupu ya volti 24 inakula karibu nusu wati tangi likijaa, ukiongeza kinachopotea kwenye busta ni kama 0.6, wakati zamani ilikuwa chini ya robo. Usiku wa saa 12 ni wati-saa 7 hivi. Betri ile iliweza, ila ingekuwa ndogo zaidi tungerudi kwenye omu 50 na ADC ya nje. Na kama ningeanza upya leo ndo ningefanya hivyo pamoja na busta, siyo kimoja.

## Uchambuzi

Rizista ya 150 ilichaguliwa kwa kuangalia upande mmoja. Fundi aliuliza pini inavumilia volti ngapi akaijaza mpaka ukingoni, hakuuliza sensa inabakiwa na ngapi. Nimeona hii mara nyingi na nadhani inatokana na jinsi tunavyofundishwa: rizista, mkondo, volti, mchoro una chanzo cha mkondo cha duara chenye mshale, na duara lile kwenye karatasi halichoki kamwe. Sensa halisi ina volti ya chini ambayo ikivuka hapo si chanzo cha mkondo tena. Huenda fundi angetumia omu 250 ya viwandani tatizo lingejionyesha siku ya kwanza: kwa 12 kutoa 10 dari ingekuwa chini ya mA 8, asilimia 23, hata lile jaribio la asubuhi lingeonekana kuyumba betri ikishuka kidogo. Kosa la katikati ndo lilijificha.

Mpaka wa 3.6 na 21 tuliouweka ni mzuri kwa waya uliokatika. Programu ya zamani ilikuwa inageuza waya uliokatika kuwa tangi tupu na kuwasha pampu, bomu lililokuwa linasubiri siku yake. Faida yote ya kuanza na mA 4 badala ya 0 ilikuwa imetupwa kwa mstari mmoja wa programu. Lakini msijidanganye, mpaka huo usingekamata kisa hiki. mA 13.1 ni namba halali, iko katikati, haina dalili yoyote ya ugonjwa. Kilichoweza kuikamata ni kitu cha nje ya kipimo: pampu inasukuma na maji hayapandi, floti, au grafu ya betri ikiwa pembeni ya grafu ya maji. Baada ya kurekebisha nilichora hizo mbili pamoja kutoka kwenye kumbukumbu za zamani, nikizisoma volti za betri kwenye chaja ya sola ambayo ilikuwa inaziandika muda wote. Mistari miwili ilishuka pamoja kama ndugu. Data ilikuwepo wiki zote hizo kwenye kifaa kilichofungwa ukuta ule ule, sentimita chache kutoka kwenye kontrola.

Wastani wa mara 50 uliharibu zaidi ya kusaidia. Usiku lupu ikiwa imebanwa, namba inafuata betri, na kila rilei inapovuta betri inayumba kidogo, kwa hiyo namba ya mwanzo ilikuwa na vijiti vidogo kila pampu inapowashwa. Hiyo ilikuwa dalili. Ikapigwa pasi.

Kubadilisha sensa siwalaumu sana, ila ilifanyika bila kipimo hata kimoja cha mkondo. Na mimi kwa ule mrija wa hewa vile vile: nilisikia "usiku" nikachagua kitu cha usiku ninachokijua. Umande unakuja usiku, baridi inakuja usiku, na sola inaondoka usiku, hiyo ya tatu sikuiwaza kwa sababu nilikuwa naifikiria sensa tu.

Fundi wa kwanza siku hizi anatembea na rizista ya omu 220 imefungwa klipu mbili za mamba. Akimaliza kufunga lupu anaitoa betri, analisha kwa chanzo cha umeme cha mezani kinachorekebishika, kwenye volti ya chini kabisa ambayo betri itafika, alafu anaingiza ile 220 mfululizo, nje ya rizista ya kupimia. Kwa tangi lenye asilimia 30, omu 220 za ziada kwenye lupu ya zamani zingekula karibu volti 2 zaidi, yaani zingeifanya sensa ione hali ya tangi lililojaa bila kusubiri lijae. Juzi alinipigia akiwa kwenye kazi nyingine, nikasikia klipu zinagonga chuma. "Kumi na moja nukta tano, kaka, nimeweka." Kimya kidogo. "Haijasogea." Akafunga boksi.